Kitulo mwezi Mei, na Mama na mtoto: cha kuogopa ni kuloa, si mlima

Swali: "Naishi Uyole, Mbeya. Nataka kumpeleka mama yangu (miaka 63) na mwanangu wa miaka 8 kutembea Hifadhi ya Kitulo Jumamosi moja katikati ya Mei, taratibu tu, kuangalia maua na kupiga picha. Mama ana presha na anameza dawa kila siku. Mimi mwenyewe mwaka jana nilipanda mlima Loleza. Niliposhuka, kucha za vidole gumba vya miguu zikawa nyeusi, na kwa siku mbili ngazi zilinishinda kabisa. Nina hofu magoti yamesagika. Kaka yangu anasema Kitulo ni ya wazoefu wa milima, maua huisha Pasaka, na tubebe pombe kali kidogo ya kupasha mwili. Jirani anasema tusiwe na wasiwasi, kule hakuna simba. Nimsikilize nani?"

Jibu:

Nendeni. Mama wa miaka 63 ambaye presha yake imetulia, na mtoto wa miaka 8, wanaweza kuitembea Kitulo na wakaifurahia. Ila kaka yako na jirani yako wote wawili wanaangalia pasipo. Mmoja anaogopa mlima, mwingine anafikiria simba, na kinachowaharibia watu siku yao kule juu ni kingine kabisa: kuloa, upepo na kuchelewa kugeuka. Tena kwenu ninyi mnaokwenda taratibu, baridi ina nafasi kubwa zaidi ya kuwakamata kuliko ilivyo kwa kijana anayekimbilia kilele. Hilo nitalieleza kwa kirefu, ila kwanza tuumalize huo mlima.

Uwanda wa Kitulo uko kwenye kimo cha mita 2,600 hivi. Kilele cha Loleza ulichokipanda kina mita 2,656. Kwa hiyo kimo cha Kitulo umeshakifikia, tena kwa miguu yako. Tofauti ni kwamba Loleza ulianzia mjini, karibu mita 1,700, ukapanda kama mita 900 na zaidi, kisha ukazishuka zote siku hiyohiyo. Kitulo kazi hiyo inafanywa na gari. Mkishuka garini mko juu tayari, kwenye nyasi na miinuko ya mviringo, na matembezi ya saa tatu yanaweza kuwa na kupanda kwa mita 100 au 200 tu kwa jumla. Vilele vipo, Mtorwi una mita 2,961, lakini hakuna anayewalazimisha kuukwea.

Hewa kule ni nyembamba kidogo. Msukumo wake ni kama robo tatu ya ule wa pwani, na hapo Uyole mnaishi kwenye kama asilimia 80 tayari. Miili yenu imeshazoea sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Mgeni aliyetua kwa ndege Songwe asubuhi kutoka Dar es Salaam na kupelekwa Kitulo mchana wake ndiye anayeweza kuumwa kichwa na kuchoka bila sababu. Ninyi mtahema zaidi kidogo mkipanda, basi.

Sasa maua. Kaka yako hajakosea sana, ingawa Pasaka yenyewe huhama kila mwaka na maua hayaifuati. Kitulo huchanua kwa wingi kuanzia Desemba hadi Aprili, wakati wa mvua. Ndiyo miezi ambayo okidi za ardhini, zaidi ya spishi 40, hujaza nyasi, na ndiyo iliyofanya watu wapaite Bustani ya Mungu na mahali penyewe pakatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Katikati ya Mei mtakuta okidi za mwishomwisho, nyingi zikiwa zimeshabeba mbegu. Mtakuta pia maua ya jamii ya Helichrysum, yale ambayo ukiyagusa yanalia kama karatasi kavu hata yakiwa hai kwenye shina. Picha zitapatikana. Zulia la rangi mnaloliona kwenye mabango ya utalii halitakuwepo, na ni vizuri Mama alijue mapema asije akasikitika.

Kama maua ndiyo roho ya safari, subirini Februari au Machi mwakani na mkubali mvua ya karibu kila alasiri na barabara yenye matope. Kama kutembea ndiko mnakokutaka, nusu ya pili ya Mei ni nzuri: mvua zimekatika au zinakatika, majani bado ya kijani, vumbi halijaanza. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hatuna masika na vuli kama Dar. Tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba, na Mei ndiyo bawaba yake. Juni hadi Agosti ni ukungu, baridi kali, na asubuhi nyingine umande umeganda juu ya majani. Septemba hadi mvua zinapoanza Novemba ni kukavu na rahisi kwa miguu, ila maua ni machache. Mimi ningechagua wiki ya tatu ya Mei kwa sababu ya Mama na mtoto.

Tuje kwenye baridi. Kila mita 100 unazopanda, hewa hupoa kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Kutoka Uyole hadi uwandani ni kama digrii 5, na watu husikia hivyo wakaona ni jambo dogo: sweta moja, basi. Wanachosahau ni kwamba mwili una jiko lake, na ukali wa jiko hilo unategemea kazi. Anayekwea Loleza kwa kasi anazalisha joto mara sita au saba ya lile la mtu aliyekaa. Anayetembea kilomita mbili na nusu kwa saa, akisimama kila baada ya hatua ishirini kuinamia ua, anazalisha mara mbili na nusu au tatu tu, na kila anaposimama jiko linafifia. Wewe safari ya mlimani unayoikumbuka ni ya jasho. Hii haitakuwa hivyo. Mtatembea kwenye uwanda usio na miti, upepo unapita bila kizuizi, na mavazi yaliyokutosha Loleza hayatawatosha.

Kuloa ndiko kunakogeuza ubaridi kuwa hatari. Maji hubeba joto kutoka mwilini haraka zaidi ya mara 20 kuliko hewa tulivu. Uzi wa pamba hunywa maji ndani yake na kuyashikilia. Uzi wa poliesta karibu haunywi kabisa, na sufu hata ikiloa hubaki na joto kiasi. Kwa hiyo suruali ya jinzi, ambayo wengi huichagua kwa sababu ni nzito, ndiyo mbaya kuliko zote. Majani ya asubuhi yana umande hadi saa 4, mtapita nayo yakiwafika magotini, na jinzi itanyonya kutoka chini kama utambi wa taa. Ikifika mapajani, haitakauka siku hiyo.

Mvae tabaka tatu. Ndani, fulana ya michezo ya poliesta, si ya pamba. Katikati, sweta la sufu au lile la kitambaa chepesi chenye manyoya manyoya linalojaa kwenye mitumba ya Mwanjelwa. Juu, koti la mvua lenye kofia ambalo kweli halipitishi maji. Lijaribuni nyumbani: mimina kikombe cha maji begani, subiri dakika tano, kisha gusa ndani. Chini, suruali ya traksuti ya nailoni. Kila mtu na mzula wake, na Mama aongeze glavu. Kanga au kitenge kikavu kikae ndani ya mfuko wa plastiki kwenye begi, pamoja na soksi kavu jozi moja kwa kila mtu na fulana moja ya ziada ya mtoto. Kabla ya kuanza kutembea msikie baridi kidogo, siyo joto. Mkisimama kula, vaeni sweta kabla ya kukaa, msisubiri kutetemeka.

Pombe iacheni nyumbani. Inaonekana kupasha kwa sababu inafungua mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi. Damu ya moto inakuja juu, uso unawaka, na joto hilohilo linapeperushwa na upepo wakati kifua kinapoa. Kwa mtu mwenye presha anayemeza dawa ni vibaya maradufu. Chai ya tangawizi yenye sukari kwenye chupa ya chai, lita moja na nusu kwa watu watatu, inafanya kazi mnayoitaka.

Mtoto anapoa kabla yenu, kwa kuwa mwili wake ni mdogo ukilinganisha na ngozi inayopoteza joto. Tena hatasema. Atanyamaza, ataacha kuchezacheza, ataanza kuburuza miguu. Msimuulize kama anasikia baridi. Ingizeni mkono nyuma ya shingo yake kila nusu saa. Shingo ikiwa ya baridi, mwongezeni nguo na mpeni kitu chenye sukari papo hapo. Mtu mzima akianza kutetemeka bila kukoma, kujikwaa mahali tambarare na kutamka maneno kwa kuburuza, matembezi yameishia hapo: mvueni nguo zilizoloa, mkausheni, mvisheni kavu, mfungeni kanga, na mrudisheni garini.

Kuhusu magoti, nadhani nina habari njema. Unapopanda, msuli mkubwa wa mbele ya paja unajikaza ukiwa unafupika. Unaposhuka, msuli huohuo unajikaza huku ukivutwa kurefuka, unafanya kazi ya breki. Kazi ya breki huchana nyuzi ndogondogo za msuli usiozoea, na maumivu yake huja siku ya pili, hukaa hadi ya tatu, kisha hupungua na kwisha ndani ya siku tano hivi. Mtu huyo ngazi humshinda, hasa kuzishuka. Ndicho ulichokieleza, tena baada ya kushuka mita 900 bila mazoezi. Goti lenye tatizo lina tabia nyingine: mara nyingi ni la upande mmoja, linavimba, linakwama katikati ya kukunjwa, au linakuachia ghafla ukiwa umesimama. Ukiwa na moja ya hayo, muone daktari wa mifupa kabla ya safari yoyote. Kama huna, anza leo: mara tatu kwa wiki shuka ngazi au kilima polepole kwa dakika 15. Wiki tatu zinatosha kuuzoesha msuli kwa safari hii.

Kucha nyeusi ni damu iliyovilia chini ya kucha baada ya kidole kugonga mbele ya kiatu mara elfu kadhaa. Sababu ni kiatu kifupi au kamba zilizolegea, mguu unateleza mbele kila hatua ya kushuka. Kiatu kijaribiwe jioni, mguu ukiwa umejaa, na soksi utakazovaa: sukuma vidole hadi mbele, na nyuma ya kisigino paingie kidole chako cha shahada. Kata kucha siku mbili kabla. Na funga kamba hivi: ukifika karibu na kifundo, pitisha kila kamba kwenye tundu la mwisho la upande wake uleule ili ifanye kitanzi kidogo. Kisha kamba ya kulia ipite kwenye kitanzi cha kushoto, na ya kushoto kwenye cha kulia. Vuta zote kuelekea chini mpaka uhisi kisigino kimekaa kitako, ndipo ufunge fundo. Ukivuta kuelekea juu kitanzi hakikazi, na hapo ndipo wengi hukosea.

Mkinunua buti za mitumba, angalieni soli kuliko ngozi. Buti nyingi za mlimani zina tabaka la sponji ngumu kati ya soli na ngozi, na sponji hiyo huliwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kabatini. Miaka ikipita inakuwa kama mkate mkavu. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha wa kidole gumba, kisha kunja kiatu kwa nguvu. Ukiona nyufa, unga, au ukucha unazama na shimo linabaki, kiache hata kikiuzwa kwa bei ya kutupa. Soli itabanduka mkiwa mbali na gari. Raba yenye meno ya kina cha milimita 4 ni bora kuliko buti la namna hiyo. Udongo wa majivu ya volkano ukiloa unateleza, na raba iliyolika haishiki kitu.

Mama apewe fimbo. Unene wa sentimita 3 hivi, urefu wa kumfanya kiwiko kikunjike pembe mraba akiwa amesimama wima. Muikate nyumbani, si ndani ya hifadhi. Akishuka, aitangulize fimbo, kisha mguu, hatua fupi kama nusu ya zile za kawaida, goti likiwa limelegea kidogo. Akishuka kwa mguu ulionyooka, uzito wote unagonga gotini bila breki.

Presha yake sasa. Ninachotaka kujua ni vipimo vya wiki mbili zilizopita, si cha siku moja. Vikiwa chini ya 140/90, na anaweza kutembea saa nzima mtaani kwenu pamoja na kilima kimoja bila kifua kubana, matembezi haya yako ndani ya uwezo wake. Vikicheza kwenye 160/100 na kwenda juu, daktari anayemtibu amwone kwanza, kwa sababu baridi yenyewe hubana mishipa na kuipandisha presha zaidi. Vikifika 180/110, safari iahirishwe na aende kliniki. Dawa ameze kama kawaida asubuhi hiyo. Wazee wengi huiruka dawa ya kukojoza siku ya safari kwa kuona haya ya kusimamisha gari, halafu wanajinyima na maji. Asifanye hivyo bila kumuuliza daktari. Msimamisheni gari mara zote atakazotaka. Na kama anatumia atenolol, dawa ya presha inayopunguza mapigo ya moyo, au nyingine ya kundi hilo, mapigo yake hayatapanda sana hata akichoka, kwa hiyo msiyatumie kama kipimo. Kipimo ni maneno: awe anaweza kusema sentensi nzima huku anatembea. Sentensi ikikatika katikati, mpunguze mwendo, na anayeongoza njia awe yeye. Kifua kubana, maumivu yanayokwenda mkononi au tayani, kukosa pumzi akiwa amekaa, au upande mmoja wa mwili kulegea: hospitali moja kwa moja, bila kusubiri aone kama kutapungua. Mtu yeyote akiumwa kichwa na kutapika, teremkeni naye. Akianza kuyumba au kuchanganyikiwa, teremkeni mbio na apelekwe kwa daktari.

Umbali uwe kilomita 7 kwenda na kurudi. Kwa kasi yenu ni saa tatu za kutembea na saa moja ya maua, chai na maandazi. Anzeni saa 4, umande ukiwa umepungua, na saa 6 kamili mgeuke popote mlipo. Angalieni jambo moja: mlimani unapanda ukiwa na nguvu, unashuka umechoka. Kwenye uwanda mara nyingi ni kinyume, mnateremka bondeni kwa raha, kisha kilima kinawasubiri wakati wa kurudi. Njia ikianza kwa kuteremka, mgeuke baada ya saa moja na dakika 20, si mbili. Jua la Mei huzama kama saa 12 na nusu jioni na giza halichelewi, lakini sababu ya kuwahi si giza. Ni alasiri, mawingu yanapojikusanya.

Radi ikipiga, hesabu sekunde kati ya mwanga na mngurumo. Zikiwa pungufu ya 30 mawingu yako ndani ya kilomita 10, rudini garini. Ndani ya gari lenye bati na vioo vimefungwa ndipo salama. Gari likiwa mbali, ondokeni kwenye mgongo wa kilima, na epukeni mti ulio peke yake. Ukungu ukishuka, simameni pamoja na msubiri. Mara nyingi huinuka. Msifuate kijito kwa kudhani kitawatoa, kitawaingiza kwenye makorongo yenye msitu. Simu ikae mfuko wa ndani, kwani baridi hula chaji, na mtoto avae filimbi shingoni.

Mkiwa njiani msikanyage nje ya njia. Okidi ya ardhini ina viazi viwili vidogo: kimoja kimenywea, ndicho kilichotoa ua la mwaka huu, na kingine cheupe kinachojaa polepole kwa ajili ya mwakani. Mei kile cheupe ndicho uhai wote wa mmea, kikiwa sentimita chache chini ya udongo laini. Viazi hivyo vimechimbwa kwa miaka mingi kupelekwa Zambia kutengenezwa chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo, na mmea uliochimbwa haurudi. Mtoto akionyeshwa hilo ataelewa kwa nini haturuhusiwi kuchuma.

Piga simu ofisi ya hifadhi, Matamba, siku mbili kabla. Uliza hali ya barabara ya Chimala na ile ya Isyonje kupitia Kikondo, maana kona za kupandia Matamba zikiloa gari dogo haliwezi. Uliza ada na namna ya kulipa, kwa sababu malipo ni ya kielektroniki, na omba mwongozaji anayejua njia fupi zisizo na mteremko mkali. Kama mfuko unaruhusu, laleni Matamba Ijumaa. Mama akianza siku akiwa amepumzika badala ya kurushwa garini tangu alfajiri, saa hizo nne zitakuwa nyingine kabisa. Na ikinyesha usiku kucha kuamkia Jumamosi, ahirisheni bila kujilaumu. Mnayo Jumamosi nyingine kabla Juni haijaingia.